Breki Zilizoganda za Landrova ya Maoulida

Sala ya alfajiri imekwisha, umande haujakauka juu ya mabati, na landrova ya Maoulida Mmadi imeingiza pua yake katika ua wa jirani.

Shuka jeupe la Bi Echata limefunika boneti nzima. Bata wawili wanapiga kelele chini ya bampa. Maoulida mwenyewe yuko nyuma ya usukani, mkono mmoja umeng'ang'ania handibreki, mguu wa kulia uko juu ya pedeli. Anaikanyaga kwa nguvu zake zote na haishuki hata unene wa ukucha.

"Muadhini!" anaita Bi Echata, akitoka huku anajifunga nguo vizuri. "Tangu lini posa inaletwa saa hizi? Tena kwa gari, bila hata kupiga hodi!"

"Nisamehe, dada yangu. Breki zimekuwa jiwe."

"Na uzio wangu umekuwa nini?"

Majirani wa mtaa huu wa Mahabibo, mjini Mahajanga, wanacheka, wengine wakitania kwa Kikomori na wengine kwa Kimalagasi. Maoulida anacheka nao. Lakini jasho linamtiririka, na huu ni Julai, mwezi ambao watu wa hapa huenda msikitini alfajiri wamejitanda mashuka kwa baridi.

Ana sababu ya kutokwa na jasho. Leo saa nane mchana landrova hiyo inatakiwa mbele ya mkaguzi wa magari. Mara ya kwanza ilikataliwa kwa taa na mlango. Mara ya pili ilikataliwa kwa breki. Ikikataliwa mara ya tatu itafutwa kwenye daftari la barabara, na haitaruhusiwa kubeba abiria wala gunia la mchele.

Maoulida ana umri wa miaka arobaini na sita. Kumi na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika kisiwa cha Nosy Be, akiendesha gari la shamba la mlangilangi nje kidogo ya Andoany. Kazi yake ilikuwa kuyawahisha maua kiwandani kabla jua halijayanyonya harufu. Gari lenyewe lilikuwa hilihili.

Uhuru ulipokuja, mwenye shamba alifunga virago. Landrova ilibaki bandani. Maoulida alipodai malipo yake ya mwisho, faranga elfu thelathini na tano, aliambiwa achukue gari.

"Nilipofungua boneti nikakuta mayai tisa na kuku mmoja mkali," anasimulia. "Nikasema, alhamdulillahi, angalau kuna kitu humu ndani kinafanya kazi."

Aliipakia katika boti ya mizigo, akaileta Mahajanga, akaanza kuifufua mwenyewe. Bati la mwili wake halishiki kutu, lakini vyuma vya chini vilikuwa vinamomonyoka kama mkate mkavu. Springi za nyuma alizitoa kwenye lori bovu, akapunguza majani mawili ya chuma ili abiria wasirushwe vichwa darini. Tangi lilipovuja aliziba kwa sabuni ya kufulia mpaka alipompata mtu wa kulichomelea.

Viti ni mabao ya msonobari yaliyowekwa mito ya sufi. Mito hiyo imeshonwa na mkewe, Koulsoum.

Kitu anachojivunia zaidi ni bomba la maji alilolipandisha kutoka kwenye injini hadi juu ya paa. Ng'ambo ya ghuba, kwenye njia ya mchanga inayotoka Katsepy kwenda Mitsinjo, kuna vijito vya kuvuka. "Gari likiingia mtoni, linavuta pumzi juu kama mtu anayeogelea," anasema, akiligonga bomba kwa kidole. "Wenye magari mapya wanasubiri maji yapungue. Mimi napita nawapungia mkono."

Kwa safari moja ya mizigo hubaki na faranga kama mia nane baada ya kulipa petroli. Akipata kibali cha abiria, anakisia, zitakuwa mara tatu ya hizo. Lakini kibali kiko mikononi mwa mkaguzi, na landrova iko katika uzio wa Bi Echata.

Anayegundua ugonjwa ni Koulsoum, naye hata spana hajashika. Anatoka ndani na chupa ya mafuta ya nazi aliyotaka kupaka nywele. Mafuta yameganda, meupe kama nta. Anaitazama chupa, anaitazama pedeli, kisha anamtazama mumewe.

"Baba Roukia. Umetia nini kwenye breki?"

Maoulida anajifanya anatafuta spana.

"Nakuuliza wewe."

"Mafuta ya breki yamekwisha mjini, mama. Meli haijaja."

"Sikukuuliza meli."

Ndipo ukweli unapotoka. Nosy Be, fundi wa shamba aliyeitwa Athoumani alimfundisha dawa ya shida: mafuta ya mbarika nusu, kilevi nusu, vikorogwe vizuri na kumiminwa kwenye breki. Wapishi wa ramu walikuwa wengi kule, na Athoumani hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Maoulida, anayepanda kila siku kuwaita Waislamu kwenye sala, alijiona akisimama dukani mbele ya watu na kuomba chupa ya ramu. Akashindwa.

"Nikasema mafuta ni mafuta. Nazi haina dhambi."

Mchana wa juzi alipojaribu, breki zilishika vizuri ajabu. Jua lilikuwa kali. Hakukumbuka kitu ambacho kila mwanamke wa pwani anakijua, kwamba nazi huganda kukipambazuka na baridi, na chupa huwekwa juani kabla ya kusuka nywele.

"Miaka ishirini unaniona naanika chupa dirishani," anasema Koulsoum. "Ulidhani naionyesha bandari?"

Hapo Bi Echata anakaa chini kabisa kwa kucheka, hata uzio ameusahau.

Kisha Maoulida anatazama juu. Anga haina wingu. Anaposema tena, anasema kwa sauti ya chini. Ikifika saa nne, mafuta yatakuwa yameyeyuka. Saa nane breki zitashika kama juzi. Mkaguzi ataona gari linasimama, atagonga muhuri, na meli ikija atabadilisha mafuta kwa nafasi. Kuzifungua breki sasa, kuziosha na kuzijaza upya ni kazi ya siku nzima. Akichelewa, amekosa.

Koulsoum anakunja shuka la jirani, analiweka begani.

"Mkaguzi atalipanda saa nane, jua likiwaka," anasema. "Abiria watalipanda alfajiri. Wewe unataka kibali cha nani?"

"Ni leo tu, mama Roukia."

"Nyumba hii ni yangu, mama yangu aliniachia, na ua ni wangu. Gari lisilosimama halilali hapa."

Kwa Wakomori nyumba ni ya mke. Mume, hata awe nani, ameingia humo kwa heshima na anakaa kwa adabu. Maoulida anajua kwamba hilo si tisho la mdomoni. Anavua koti, anatia jeki chini ya ekseli.

Kwanza, hata hivyo, anakwenda mbio kwa Mwalimu Chaehoi, anayesomesha watoto Kurani nyuma ya msikiti, kuuliza juu ya kilevi. Mwalimu anamsikiliza mpaka mwisho, hata kwenye habari ya bata.

"Utakinywa?"

"A'udhu billahi, Mwalimu!"

"Gari litakinywa?"

"Gari ndiyo, Mwalimu. Kidogo."

"Gari halina sala ya kuharibika. Nunua spiriti ya kuoshea vidonda, uache ramu ya watu. Ukimaliza, osha mikono yako na nguo, ndipo upande kuadhini. Na siku nyingine uje kuuliza kabla hujaingia uani kwa watu."

Kwa mwuza dawa mambo si mepesi zaidi. Mafuta ya mbarika hupewa mtu aliyefunga choo, kijiko kimoja, viwili akiwa mtu mzima. Maoulida anaomba chupa mbili kubwa.

"Nyumbani kwenu mko wangapi?" anauliza mwuza dawa, amejawa na huruma.

"Ni ya landrova."

Mwuza dawa anazifunga chupa katika karatasi bila kuuliza tena.

Saa tatu na nusu Maoulida yuko chini ya gari. Anakinga mafuta ya nazi kwenye sufuria, mengine yakitoka kwa vipande kama samli. Anapitisha spiriti ndani ya mabomba mpaka itoke safi. Anazitoa raba za silinda moja moja, anazibonyeza kwa kidole gumba, anazinusa. Nazi haijazivimbisha. "Siku moja zaidi zingeharibika," anasema.

Kazi ya mwisho haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Hewa ikibaki ndani ya mabomba, breki huwa laini kama sifongo. Mmoja lazima akanyage pedeli, mwingine afungue parafujo ndogo gurudumuni ili hewa itoke. Anayekanyaga ni Koulsoum, amepanda kwenye kiti cha dereva, viatu amevua.

Wana mtindo wao. Yeye hukanyaga mara tatu, kila mara kwa bismillahi moja, ya tatu akaishikilia, ili mumewe aliye chini asihitaji kuona mguu.

"Bismillahi. Bismillahi. Bismillahi... nimeshika!"

Povu linatoka, kisha mafuta. Maoulida anafunga. "Tena!"

Wanaanza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi, wanamalizia la mbele karibu na usukani. Adhana ya adhuhuri leo imesomwa na mwingine. Saa saba unusu Koulsoum anakanyaga, na pedeli inashuka nusu, inagota, inasimama imara. Anakanyaga tena kuhakikisha.

"Sasa imekuwa ya binadamu," anasema.

Maoulida anafika kwa mkaguzi dakika nne kabla ya saa nane, nguo imelowa, mikono inanuka sabuni. Mkaguzi ni mtu wa Antananarivo, mpole, asiyependa maneno mengi. Anachora mstari wa chaki barabarani, anapanda pembeni, anaamuru mwendo kisha anaamuru kusimama. Landrova inasimama hatua moja kabla ya mstari. Anaamuru tena. Inasimama palepale.

Mkaguzi anashuka, anainama karibu na gurudumu, anakunja uso.

"Mbona kunanuka hospitali?"

Maoulida angeweza kusema lolote. Anamweleza yote, tangu nazi mpaka mbarika. Mkaguzi anasikiliza kalamu ikiwa hewani. Kisha anaandika: kibali cha abiria wanane, miezi mitatu, mafuta ya breki yabadilishwe meli ikifika. Anagonga muhuri. Akiwa amekwisha geuka, mabega yake yanaonekana yakitikisika.

Jioni hiyo uzio wa Bi Echata unasimamishwa upya, na safari hii kwa miti mipya. Keshokutwa, Jumamosi, landrova itapanda pantoni kuvuka ghuba. Itakaa Katsepy kwa shemeji yake Maoulida, ifanye safari za Mitsinjo mpaka mvua zianze. Maoulida anataka abiria wake wa kwanza wawe akina mama wanaokwenda hospitali, wale ambao sasa hubebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe siku mbili. Mwakani, Mungu akipenda, ataongeza turubai la pembeni na ngazi ya kupandia, ili mjamzito asiinuliwe kama gunia.

Koulsoum amempa sharti moja, naye amelikubali bila kubishana. Kila asubuhi, kabla mtu hajapanda, atateremka peke yake kwenye mteremko wa gati la Katsepy, maji yakiwa mbele yake, na kukanyaga breki.

"Nikisimama mara tatu," anasema Maoulida, "ndipo nitakaporudi juu niwaambie watu: karibuni, pandeni."