Majina Yangu wa Kwenye Gare

Mvua ikinyeshea makala, yaani makaa, ya moto kwenye mbabula, jiko la bati, mpaka leo harufu ile hunirudisha kwenye gare, stesheni ya treni.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kasai, ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, nami nikapewa jina lake la ubatizo, Teofora. Padri alisema ni la Kigiriki, maana yake ni anayembeba Mungu. Mtaani mwetu tulikuwa nalo sisi wawili tu. Na kwetu, wenye jina moja huitana "majina". Kila asubuhi aliniita juu ya ua, "Majina!", nami nikijibu hivyohivyo anacheka mpaka kitambaa kinamvuka kichwani.

Kisha watu wa Kasai wakafukuzwa jimboni mwetu, wakaambiwa warudi kwao. Walilala kwenye gare, kando ya reli, wakingoja treni, magodoro yamelowa. Mama yangu akanituma nimpelekee majina yangu bukari na sombe, ugali na kisamvu. Nilimkuta ameinama, anapuliza makala yaliyozimwa na mvua.

"Majina!" nikaita.

Vijana wenye fimbo waligeuka. Mmoja akaniuliza, akiwaonyesha watu wa Kasai kwa fimbo, "We mutoto, uko wa bale?"

Majina yangu akanitazama kama hajawahi kuniona. "Huyu mutoto simujue," akawaambia. "Mi sina majina hapa. Arudie kwa mama yake."

Nikarudi na sufuria ikiwa bado ya moto. Jioni hiyo mama aliniita kwa jina la bibi yangu, na nyumba nzima ikafuata; Teofora halikutajwa tena.

Jana mvua ilitukuta sokoni. Sauti ya mwanamke ikaita nyuma yangu, "Majina!" Niliitika kabla ya kugeuka. Palikuwa na mbabula tu, inatoa moshi.