Ndegwa na Kipande cha Kwanza

Hapo soko ya Dagoretti hakuna mtu angenunua mutura ya Ndegwa, ile matumbo ya kujazwa nyama na damu kisha kuchomwa, kabla yeye mwenyewe aonje kipande cha kwanza. Ni yeye alianzisha hiyo mambo, na alijisifu nayo kuliko watoto wake. "Hii tumbo ndio daktari ya soko," alizoea kusema.

Lakini siku hizi akikula mafuta, uchungu inamshika chini ya mbavu za kulia, inapanda mpaka begani. Yeye alisema ni ulsa tu. Akawa anaituliza na maziwa, ile iko na malai juu, na uchungu ikazidi.

Jumamosi wateja walijaa kwa jiko. Ndegwa akakata kipande, akaishika tu, jasho ikimtoka.

"Baba Cate, usikule," bibi yake, Wangu, akanong'ona. "Macho yako imekuwa manjano."

"Nisipokula watasema ni nyama ya punda."

"Ndegwa, mbona unaiangalia hivyo? Imekutongoza?" mteja mmoja akapiga kelele. Watu wakacheka, lakini wengine wakaanza kurudi nyuma.

Ndegwa akafungua mdomo. Wangu akanyakua hiyo kipande, akatafuna mbele ya wote, akameza. Akamwachia jirani wa soko kisu aendelee kuuza, akamvuta bwana yake hospitali.

"Si ulsa, mzee," daktari akasema baada ya kumpiga picha. "Ni mawe kwa nyongo, na moja imeziba njia. Hiyo maziwa ya mafuta ilikuwa inaichokoza. Tunakupasua leo."

Ndegwa akamgeukia Wangu. "Mutura ilinunuliwa?"

"Yote. Jirani amepiga simu, wateja wanasema sasa mdomo yangu ndio wanaamini."

Ndegwa akataka kucheka, mbavu zikamkataza.