Pengo kwenye Vumbi la Timau

Hebu nikuulize, rafiki: umewahi kuinama barabarani ukasoma alama za gari lililopita kwa kasi? Kama hujawahi, usijali. Mimi nilifundishwa na mama yangu, katika wiki moja ya hofu, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita nilipita Timau, nikashuka mahali palipokuwa na kona ya korongo. Siku hizi pana lami. Nilisimama tu, upepo wa mlima ukinipiga masikioni.

Enzi hizo, ngano ikishavunwa, wenye magari walishindana kwenye njia za vumbi za mashamba makubwa. Baba alikuwa na pikapu. Siku za kazi ilibeba viazi na kabichi hadi soko la Meru. Siku ya mashindano ilichorwa namba kwa chokaa mlangoni. Sheria ilitaka watu wawili ndani, dereva na wa kumsomea njia. Wa kumsomea baba alikuwa mama. Aliandika kona zote kwenye daftari la shule, kwa Kimeru, na alipozisoma sauti yake haikupanda wala kushuka.

Mwaka uliotangulia wiki ile, jirani yetu alitumbukia na gari lake mbioni kwenye lile korongo akavunjika nyonga. Ndiyo sababu nyanya, akimenya ndizi za kupika, alisema jambo ambalo sijalisahau: "Kama ni lazima mtu aende, aende mmoja. Watoto wasibaki na picha ukutani." Mama alichukua kisu, akamsaidia kumenya.

Sasa nikueleze polepole. Springi za nyuma za pikapu ni vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama chapati. Kila chuma tunakiita bamba. Kwetu gari ni mzigo: magunia ya viazi, marobota ya miraa. Mtu akinunua pikapu, jambo la kwanza ni kuipeleka Majengo, mtaa wa mafundi mjini Meru, iongezwe bamba. Nyuma ikiinuka kama mkia wa jogoo, watu husema, hii sasa ni gari. Kwa hiyo fundi wetu wa Majengo, aliyekuwa na karakana karibu na msikiti, aliposikia pikapu inakwenda mbioni, aliongeza mbili. Halafu kuna shokomzoba, ambayo kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Zile za zamani zilikuwa na kizibo, unaweza kubadilisha mafuta yake. Fundi akajaza mafuta mazito. Ugumu juu ya ugumu.

Siku tatu kabla ya mashindano tulienda kuijaribu. Baba alipoingia kona ya korongo, pale njia ilipokuwa na matuta madogo madogo, nyuma ya pikapu iliruka kama punda aliyeumwa na nyuki, ikateleza kando, ikasimama hatua moja kutoka ukingoni. Mama alishuka bila kupiga kelele. Aliniita tukainama.

"Soma," akaniambia. "Hapa kuna alama. Hapa hakuna. Alama, pengo, alama, pengo. Hilo pengo ni hewa. Gurudumu likiwa hewani halisukumi na halishiki kona."

Tukateremka Majengo. Fundi alicheka. "Mama, mimi nafunga springi za magari ya miraa tangu hujaolewa. Springi laini ni ya kubebea bibi harusi."

"Na hii yako ni ya kubeba nini? Siku ya mbio tutakuwa na gunia ngapi?"

"Hakuna gunia."

"Basi hizo bamba zinangoja nani?"

Fundi akakuna ndevu. Mama akaongeza, kwa upole, "Jembe ikikosa kugusa mchanga, fundi, imelima?"

Baba akasema, "Toa tu, fundi. Nikibishana na huyu, nitalala njaa."

Akatoa zile mbili, na nyingine moja juu yake. Mkia wa pikapu ukashuka. Wauza nyama wa ng'ambo ya barabara wakapiga makofi: "Mmeinyoa! Inakaa kama kuku anaatamia!" Lakini mchana ule, kwenye njia mbovu nyuma ya soko, nilisoma alama nikaona zimeungana. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Asubuhi ya mashindano, Timau ilikuwa nyeupe kwa barafu juu ya mabua ya ngano. Baba akajaribu kipande kifupi cha njia. Nikakimbia kusoma. Alama, pengo, alama, pengo. Nilimtazama mama, naye akalifunga daftari.

"Labda tumetoa nyingi mno," baba akasema. Ilibaki nusu saa.

Fundi, aliyekuja na sanduku la spana na chupa ya chai ya tangawizi, alilala chini ya pikapu akashika shokomzoba. Aliutoa mkono upesi. "Wallahi, baridi kama kaburi! Mafuta yameganda kama samli." Akatueleza: gurudumu linapopita tuta hupanda, kisha linatakiwa kushuka haraka kwenye shimo linalofuata. Mafuta yakiwa mazito mno, shokomzoba hulizuia huko juu. Kule Majengo kuna joto, hapa hakuna. "Kosa ni langu," akasema. "Na mafuta mepesi sikubeba. Ipasheni moto. Ikifanya kazi, itapata joto."

Basi baba akaanza kwenda na kurudi kwenye njia ya ng'ombe yenye mashimo. Watu wakamzomea: "Dereva, umepotea? Mbio ni huku!" Kila aliporudi, fundi alishika. Mara ya kwanza akatikisa kichwa. Ya pili vilevile. Ya tatu akaacha kiganja pale, akahesabu kimoyomoyo. "Nendeni."

Mimi na fundi tulisimama juu ya kona. Tulisikia injini kabla ya kuona vumbi. Pikapu ikatokea, baba akakata usukani, nyuma ikaanza kwenda kando ya korongo, nikamshika fundi shati. Halafu ikakaa. Ikatua chini kama mtu anayetua kuni, ikashika, ikasukuma. Wakapita, na nikasikia sauti ya mama ikisoma kona inayofuata, ileile, bila kupanda wala kushuka.

"Soma, binti yangu," fundi akasema.

Ilikuwa alama moja, nene kama mshipi, kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho. "Hakuna pengo," nikasema.

Fundi akaketi juu ya sanduku lake. Akafungua chupa ya chai, akanimiminia mimi kwanza.

Walikuwa wa tatu. Nyanya hakuuliza nafasi. Alivuta viti viwili, akapakua.

Kona ile imenyooshwa. Palipokuwa na ngano sasa kuna maua chini ya paa za plastiki, na karakana imekuwa duka la vifuniko vya simu. Daftari la Kimeru sijui lilipotelea wapi, na waliolisoma na kulisikiliza wamelala kaburini. Lakini vijana bado husema, ongeza bamba, ongeza bamba.

Wewe, ukiwa na gari kuukuu na asubuhi ya baridi, liendeshe polepole kilomita mbili juu ya njia mbovu. Simama, weka jiwe kwenye gurudumu, ushike shokomzoba kwa kiganja. Ikiwa bado ni baridi, usikimbie, rudia tena.