Baba aliponiamkia "shikamoo": kofia ya umeme, gemu za kompyuta na yule ndama

Wakuu, habari za majukumu. Naandika nikiwa nyumbani Tumati, mvua inanyesha, na humu sijaongeza chumvi hata kidogo.

Baba yangu ni mkulima na mfugaji. Alianza kusahau taratibu. Kwanza jembe, baadaye njia ya kanisani.

Asubuhi moja naingia na chai, akavua kofia, akainamisha kichwa: "Shikamoo mama."

Aisee! Huku kwetu mzazi kumwamkia mtoto? Nilitaka kukimbia. Kumbe ananiona mimi ni bibi, mama yake, maana nimefanana naye.

Nikawa namuwahi: "Shikamoo baba!" Ananuna, chai haigusi mpaka mama yake aitikie. Ikabidi niwe naitikia marahaba huku aibu imenijaa.

Ila hapo ndipo stori zilipokuja. Ndama aliyempoteza akiwa mtoto anachunga, alivyojificha shambani akiogopa fimbo. "Mama, nisamehe." Basi nikamsamehe.

Nilizipenda zile asubuhi, sitawadanganya. Lakini nilimtaka baba yangu anijue.

Tukampeleka hospitali mjini. Wanamvalisha kofia yenye sponji zilizoloweshwa, unapita umeme mdogo sana, anasikia kuwashwawashwa tu. Hapo hapo anacheza gemu kwenye kompyuta: picha zinafunikwa, akumbuke ipi iko wapi.

Daktari alituambia wazi tiba hii bado wanaijaribu. Haiponyi, wengine inawasaidia, wengine wapi.

Mzee akamgeukia dada wa kompyuta: "Binti, unaficha mwenyewe halafu unaniuliza mimi?" Tulicheka mpaka machozi.

Lakini alikazana siku baada ya siku hadi walipomaliza naye, tukarudi nyumbani. Asubuhi naingia na chai, nimenyamaza, nasubiri aniamkie kama kawaida.

Akanitazama, akafoka: "We Paulina, siku hizi huamkii wazee?"

Wakuu, nilipiga magoti na chai mkononi. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nililia kama mtoto.

Sijui ni umeme, gemu au vyote. Bado kuna siku anapotea. Nilichojifunza: mzee akianza kusahau mpelekeni mapema, na tafadhali msijaribu nyaya wenyewe nyumbani. Na akiwaita majina ya watu wengine, itikieni, msikilizeni.

Maana juzi nilimuuliza habari za yule ndama. Akainamia kikombe chake, akatabasamu kidogo. "Ndama gani? Nani kakwambia?"

Nikamwongezea chai. Hiyo alimwambia mama yake, siyo mimi.

Nyie wenzangu, wazee wenu wanawaita nani siku hizi? Karibuni.