Mwanafunzi Asiyetaka Kufaulu

Mzee Libère alipiga taipu miaka thelathini na mmoja katika ofisi moja ya serikali kule Kigobe, na vidole vyake havikusahau kitu. Kwa hiyo msimwamini hata kidogo mkisikia kwamba alikaa mwaka mzima kwenye darasa la simu la wazee wa Kamenge bila kujua kutuma picha. Alijua. Wiki ya tatu tu alikuwa anajua kutuma picha, kutuma sauti, hata kumzuia mtu msumbufu. Alijifanya mjinga, na katika ujinga huo alikuwa fundi.

Sababu yake ilikuwa ndogo na ya kusikitisha. Tangu mkewe Lisette afariki, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alikuwa akimwitikia salamu mtangazaji wa redio. Chama cha Ntusigare, chenye darasa hilo, kilimpa Jumanne na Alhamisi: chai, mandazi, wenzake wa kutaniana nao, na mwalimu Bella. Sheria ya chama ilisema kidole ni cha mwenyewe, mwalimu haruhusiwi kugusa simu ya mwanafunzi. Basi Bella husimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, akisema, "Polepole, papa. Si hapo. Kule juu." Na Libère hubonyeza chini makusudi, ili aitwe papa, yaani baba, mara nyingine.

Tatizo ni kwamba viti vilikuwa kumi na viwili. Anayefaulu humpisha aliye kwenye orodha ya kungoja, na Libère alikwisha kufeli mitihani mitatu kwa ustadi mkubwa. Wa kwanza kwenye orodha hiyo alikuwa Waridi, mshona nguo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Waridi alisoma madrasa; herufi za Kiarabu anazijua, hizi nyingine zilimpita. Mpwa wake alimletea simu kubwa, akaiwekea intaneti, akarudi zake Kampala kabla ya kumwonyesha zaidi ya kupokea. Akiomba msaada kwa watu, wanainyakua, wanabonyeza mara mbili, wanairudisha: "Tayari, mama." Tayari nini, hajui. Yeye alitaka kujua mwenyewe, kwa kuwa dada yake wa pekee, Lubna, alikuwa mgonjwa huko Kalemie, na kupiga simu kuvuka mpaka kunamaliza unite, yaani salio, kabla hamjamaliza salamu.

Siku moja ya Kwaresima Waridi aliegemea ule ukuta, simu mkononi.

"Mzee Libère, hii namba ya kijani ni ya nini? Juzi ilikuwa tatu, sasa iko saba. Ni kampuni ya simu wanatangaza vitu vyao?"

Libère akatazama, wala hakuhitaji miwani. Zilikuwa jumbe saba za sauti, na jina lilikuwa moja: Lubna.

Sasa nyie fikirini. Kidole kimoja, basi, dada angemsikia dada. Lakini Waridi hakuwa mtu wa kuficha wema wa mtu. Kesho yake angekwenda kumshukuru Bella kwa mwanafunzi wake hodari, na kiti kingeondoka. Libère akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Mi sijue, mama. Ungoje nafasi yako, Bella atakuonyesha."

"Basi tuko wajinga wawili," Waridi akacheka, akarudi kwenye cherehani yake.

Libère akarudi ndani. Alijiambia Alhamisi atasema. Alhamisi ikaja na mandazi yake, hakusema. Akajiambia baada ya Pasaka. Kila Jumapili kanisani alijipiga kifua na wenzake, "nimekosa mimi," na wakati wengine pengine walilazimika kukumbuka makosa yao, yeye alilijua lake kwa jina na kwa namba ya nyumba. Kisha akarudi nyumbani na kukipita kizingiti cha Waridi haraka haraka, kama mwizi wa kuku.

Pasaka ilipopita, mfanyabiashara mmoja kutoka Kalemie akaleta habari. Lubna amefariki, na amezikwa siku ile ile. Libère alikaa matangani kwenye mkeka pamoja na wanaume, sahani ya wali mbele yake, na aliona haya hata kuigusa. Jirani, ndugu wa karibu! Watu walimwambia hivyo, wakimshukuru kwa kuja.

Jumanne hakukaa kitini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bella, mi nilifaulu zamani. Kiti mumupe Mama Waridi."

Bella alicheka kwanza. Alipomtazama usoni akaacha. "Basi uende ukamwambie mwenyewe, papa," akasema.

Akaenda. Waridi alikuwa ameketi barazani, cherehani imefunikwa kitambaa. Libère hakuzungusha maneno.

"Zile namba za kijani, mama, ni dada yako. Weka kidole hapa."

Hakuigusa simu. Kidole cha Waridi kikashuka, na Lubna akasema. Sauti zilikuwa kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa na nguvu, ikisimulia mbuzi wa jirani aliyekula khanga kambani. Kadiri walivyoendelea, kikohozi kilizidi na maneno yakapungua. Ya mwisho ilikuwa fupi: "Waridi, mbona haunijibu? Kama nilikukosea, unisamehe."

Waridi hakulia. Aliuliza bila kumtazama, "We ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya ukuta."

Alingoja atukanwe, na matusi yangemsaidia. Waridi akakunja pindo la mtandio wake, akalikunjua.

"Nionyeshe pa kujibia," akasema.

"Ubonyeze hapo kwa kipaza sauti. Usiachie mpaka umalize."

Akabonyeza. "Lubna," akasema, "mi sikukasirika. Sikusikia." Akaachia.

Pembeni ya ujumbe ikatokea alama moja ya vema, ya kijivu, peke yake. Libère aliijua maana yake: simu ya kule imezimwa.

"Imefika?" Waridi akauliza.

Kwa mara ya kwanza tangu aingie darasani, mzee yule alitamani awe kweli hajui.

"Apana, mama," akasema. "Haijafika."