Kofia Yangu na Filamu za Majini

Jamani, mimi ndiye ninayetafsiri filamu katika banda la video hapa Nshambya. Nakaa kando ya skrini na maikrofoni, mzungu akisema neno nalisema kwa Kiswahili na kulitia chumvi. Za ngumi natafsiri, za mapenzi natafsiri. Za kutisha nazikimbia kama kifaranga aliyeona mwewe. Lakini mwenye banda akiweka moja, nitafanyaje? Nashusha kofia hadi puani, nafumba macho, natafsiri kwa masikio. Hakuna aliyewahi kunigundua.

Jumapili iliyopita mchumba wangu alimleta mama yake kutoka Izimbya, aione kazi ya mkwe mtarajiwa. Wakakaa benchi la mbele. Na filamu, kwa bahati yangu, ilikuwa ya majini.

Kofia ikashuka. Nikasikia mwanamke anahema, anapiga kelele, anahema tena.

“Jini limemkaba koo!” nikanguruma. “Linamnyonya damu!”

Kelele zikakatika. Nikalegeza sauti kwa majonzi: “Dada yetu ametutoka.” Mara kitu kikalia kwa sauti nyembamba. “Na kijini hicho kimetokea! Kidogo lakini kikali!”

Banda zima likaangua kicheko. Nikajua nimewakuna, nikaongeza na kilio changu.

Ndipo nikahisi kofia inainuliwa taratibu usoni. Alikuwa mama mkwe.

“Waitu, mwanangu,” alisema kwa upole wa Kihaya, na maikrofoni ikayapokea yote, “fumbua macho. Marehemu wako amejifungua salama, ananyonyesha. Sasa mjukuu wangu akizaliwa, naye utamwita jini?”