Siku Rispah Alipowasha Kiberiti

Kabla ya vita vya mashamba, Rispah alikuwa akichemsha maharagwe huko Kitale mpaka ng'ombe wa Kapsokwony wanateremka mlima kufuata harufu. Anayebisha awaulize ng'ombe. Mwaka wa 1992 nyumba yake ikachomwa, yeye akatokea dirishani na leso moja tu. Tulikimbilia uwanja wa kanisa, tukaishi chini ya maturubai.

Siku moja akaja nesi, Jerono, na karatasi ya maswali. Unalala? Unaota ndoto mbaya? Unashtuka ovyo? Sisi tukajua hiyo karatasi ni ya kugawa unga, basi kambi yote ikaugua. Mimi nilisema sijafumba jicho tangu Krismasi, na nikisinzia fisi wanne wananipigia magoti wakiniomba chumvi. Jerono akaandika tu, midomo ikimcheza.

Rispah peke yake alijibu kila swali, "Niko sawa, sista."

Jerono akaweka kalamu chini. Akamwuliza jana alikula nini. Ugali baridi wa shemeji yake Agneta. Na juzi? Huo huo.

"Na wewe mama, hupiki?"

Rispah akatazama vidole vyake. Agneta akadakia ati huyo ni mvivu, akikaa mwezi mwingine bila kupika atafute turubai lingine.

"Si uvivu," Jerono akasema. "Kwake nyumba bado inaungua."

Akamwomba Agneta avumilie huo mwezi. Akawasha jiko mwisho wa uwanja, akaketi na Rispah mbali nalo, wakilitazama, wakiongea juu ya siku ile ya kuchomewa nyumba. Kesho yake wakasogea hatua moja. Rispah alitetemeka, alitapika, siku moja akatoroka mpaka barabarani. Nilimfuata, nikamwambia mimi moto ndio hunikimbia, kwa hii sura yangu. Akacheka bana, akarudi.

Wiki ya nne akachukua kiberiti mwenyewe. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili akaiangusha. Ya tatu ikawaka, naye akaishika mpaka ikafika karibu na kucha, ndipo akaisukuma chini ya kuni. Tulipiga vigelegele mpaka treni ya Bungoma ikasimama kusikiliza.

Na ni huko Bungoma alikohamia, na kufikia 1996 alikuwa na masufuria matatu sokoni na foleni ya makarani. Agneta ndiye msaidizi wake. Nilimkuta Rispah katikati ya moshi, jasho linamtiririka, mkono kiunoni.

"Shemeji," anamwambia, "ongeza kuni. Moto huu ni mdogo."